Mafuta yaliyo ardhini bado si fedha

Hoja kwamba jimbo lenye mafuta likijitenga litatajirika mara moja, kwa kuwa halitagawana tena mapato na serikali kuu, inasahau njia ya kufika sokoni. Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta ya iliyokuwa nchi moja, lakini mabomba ya kuyasafirisha yalipita kaskazini hadi Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu. Januari 2012, miezi sita tu baadaye, Juba ilifunga visima kutokana na mzozo wa ada ya kupitisha mafuta hayo, na serikali iliyotegemea mafuta kwa takriban asilimia 98 ya mapato yake ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila uzalishaji, huku mzigo ukiwaangukia, kwa masikitiko yangu makubwa, wananchi waliokuwa wametoka tu kusherehekea uhuru. Februari 2024 bomba kuu lilipasuka ndani ya Sudan, ambayo tayari ilikuwa vitani, na mauzo yakaporomoka tena. Sarafu mpya na mgawanyo wa madeni ni hatari pia, lakini mimi ningetaka kwanza kuuona mkataba wa bomba, uliotiwa saini kabla ya kura.