Fedha mbili ziliigawa Berlin kabla ya ukuta

Swali la wiki liliwataka wasomaji wataje tukio moja lililoubadili mji mzima pasipo risasi kufyatuliwa, na waeleze sababu. Mimi nataja mabadiliko ya sarafu yaliyofanyika Berlin katika juma la tarehe 20 hadi 24 Juni 1948. Najua kwamba wengi wetu, Berlin ikitajwa, huukumbuka kwanza ukuta wa mwaka 1961, na wana haki, kwani watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwa sababu yake. Lakini kwa maoni yangu ukuta ule ulijengwa juu ya mpaka ambao noti zilikuwa zimeshauchora miaka 13 kabla.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Berlin ilijikuta ndani kabisa ya eneo lililokaliwa na Wasovieti, zaidi ya kilomita 150 kutoka maeneo ya Wamarekani na Waingereza. Hata hivyo washindi walikuwa wamekubaliana kwamba mji huo utatawaliwa kwa pamoja. Wilaya zake 20 ziligawanywa: Wasovieti 8, Wamarekani 6, Waingereza 4 na Wafaransa 2. Ugawaji huo ulikuwa wa askari na ofisi zao tu. Mwananchi wa kawaida aliendelea kuishi upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, akiwa na baraza moja la jiji alilolichagua mwenyewe Oktoba 1946, na mfukoni akiwa na fedha ileile ya kila mtu, yaani Reichsmark.

Fedha hiyo ilikuwa imeoza. Noti zilikuwa nyingi na bidhaa hakuna, hata sigara za Kimarekani zikageuka kuwa fedha ya kweli sokoni. Kila dola lilikubali kwamba sarafu mpya ilihitajika, ila hakuna lililomwamini mwenzake. Wamarekani walikuwa wamewakabidhi Wasovieti mabamba ya kuchapia noti za majeshi, wakaja kujuta, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua ni noti ngapi zilizochapishwa. Kwa hiyo katika vikao vya mataifa manne mabishano yaliangukia jambo ambalo kwa mtazamaji wa nje lingeonekana dogo sana: noti mpya zichapishwe wapi, Berlin peke yake, au na Leipzig pia, iliyokuwa chini ya Wasovieti? Kwangu mimi hapo ndipo kilipokuwa kiini cha ugomvi wote, maana anayeshika mtambo wa kuchapa noti ameshika mishahara, bei na akiba za watu.

Jumapili ya tarehe 20 Juni mataifa ya Magharibi yalitoa Deutsche Mark katika maeneo yao, noti zilizochapwa Marekani na kuingizwa nchini kwa siri, huku Berlin ikiachwa kando kwa muda. Tarehe 23 Wasovieti wakatangaza sarafu yao, wakaamuru itumike katika eneo lao na katika Berlin yote. Kwa kuwa noti mpya hazikuwa tayari, walichukua zile za zamani na kuzibandika vipande vidogo vya karatasi mfano wa stempu kwa gundi. Siku hiyohiyo baraza la jiji, likizingirwa na waandamanaji waliotaka kulitisha, liliamua kwamba amri ya Wasovieti ilihusu sehemu ya Wasovieti tu. Wamagharibi nao wakaingiza Deutsche Mark katika sehemu zao, noti zikiwa zimepigwa muhuri wa herufi B. Tarehe 24 barabara, reli na mifereji ya kuelekea Berlin Magharibi vikafungwa na Wasovieti.

Kuhusu mzingiro huo na ndege zilizowalisha watu zaidi ya milioni mbili mengi yameshaandikwa, nami sitayarudia, isipokuwa jambo moja: njia za angani zilikuwa na mkataba wa maandishi tangu Novemba 1945, ilhali njia za barabara na reli hazikuwa nao. Karatasi hiyo moja iliwaokoa watu wengi.

Kinachosahaulika ni kwamba hadi Machi 1949 fedha zote mbili zilitumika kwa pamoja katika Berlin Magharibi. Mfanyakazi alilipwa sehemu ya mshahara kwa hii na sehemu kwa ile, akawa analipia chakula cha mgawo na kodi ya nyumba kwa marki ya Mashariki na kuitunza ya Magharibi, kwa sababu kila mmoja alishaona ipi ina thamani. Baadaye, katika miaka ya 1950, madukani pa kubadilishia fedha marki moja ya Magharibi ilinunua nne za Mashariki, pengine zaidi. Mkazi wa Magharibi alivuka kwenda kunyolewa na kununua mkate kwa bei ya kutupa, mpaka wauzaji wa Mashariki wakatakiwa kudai kitambulisho. Upande wa pili, makumi ya maelfu ya wakazi wa Mashariki walivuka kila asubuhi kwenda kazini Magharibi, na jirani zao waliolipwa kwa marki ya Mashariki pekee wakawaonea uchungu. Sinema za kando ya mpaka ziliwapokea wageni wa Mashariki kwa fedha yao wenyewe, marki kwa marki. Naamini serikali ya Ujerumani Mashariki iliiogopa tofauti hiyo ya thamani kuliko ilivyoviogopa vifaru, kwa sababu ilikuwa ikiwavuta mafundi, madaktari na vijana wake. Kati ya mwaka 1949 na 1961 watu wapatao milioni 2.7 waliihama nchi hiyo, wengi wao wakipitia Berlin. Seng'enge iliyotandazwa tarehe 13 Agosti 1961 ililetwa kuwazuia hao.

Mwisho wake nao ulipitia mlango huohuo. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, lakini ukaguzi wa mpakani ulikoma tarehe 1 Julai 1990, siku ileile Deutsche Mark ilipoanza kutumika Mashariki. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja, uamuzi uliowafurahisha watu, lakini viwanda vingi vya Mashariki havikuweza kulipa wafanyakazi kwa fedha nzito namna hiyo, vikafungwa. Akiba ilikuwa na kikomo. Mkazi wa Berlin Mashariki aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1948 alikuwa na miaka 62 siku hiyo, na kwa umri wake aliruhusiwa kubadilisha hadi marki 6,000 moja kwa moja; kilichozidi hapo alipewa nusu yake.