Chumvi ya mashine ya kulainisha maji na kutu ya kisimani: nilivyojifunza

Kama maji ya kisima chako yana chuma unajua uchungu wake, unafua shuka jeupe linatoka na madoa ya rangi ya machungwa, sinki limechora mstari wa kutu, ukiyaonja maji unahisi kama umelamba msumari. Na ukijaribu kutoa yale madoa kwa dawa ya klorini ndo unayakoleza kabisa, usifanye hivo, tumia asidi ya sitriki au limao. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kuchafua nguo, ni kidogo mno hicho.

Sasa mi nilipofungiwa mashine ya kulainisha maji, ile ya kutoa chokaa kwenye maji, nikadhani chumvi ndo inayoua kutu, kwahiyo nikawa najaza tu tanki. Sivyo. Kinachokamata chuma ni resini, zile punje ndogo ndani ya mtungi wa mashine. Chumvi kazi yake ni kuzisafisha, mashine inavuta maji ya chumvi usiku inaziosha punje, chuma na chokaa vinatoka kwenye bomba la maji machafu, punje zinakua tayari kukamata tena. Chumvi isipofanya kazi yake punje zinajaa kutu, na hapo madoa yanarudi taratibu wakati tanki limejaa chumvi na wewe unashangaa tatizo liko wapi.

Ila kabla hujanunua hata mfuko mmoja fanya hivi, chota maji kwenye glasi moja kwa moja kutoka kisimani, yaache wazi masaa kadhaa. Yakitoka meupe kisha baadae yakageuka manjano au mekundu, chuma chako kimeyeyuka ndani ya maji na resini inaweza kukikamata kikiwa sio kingi sana. Lakini yakitoka mekundu tangu mwanzo, hicho ni kutu tayari, ni chembechembe, zinaenda kuziba resini, hapo unahitaji filta ya kutoa chuma itangulie mbele ya mashine. Na ukifungua tanki la choo ukakuta utelezi wa rangi ya kahawia, hao ni bakteria wa chuma, chumvi haiwagusi hata umwage gunia, kisima chenyewe kinatakiwa kitiwe klorini na mtu anayeijua kazi. Mimi nilipoteza miezi kwa kuruka hicho kipimo cha glasi na bado kinaniuma, maana hakigharimu kitu. Ukiweza peleka maji maabara pia upate namba kamili ya chuma, ugumu (wingi wa chokaa) na pH (kipimo cha asidi).

Kwenye chumvi, chagua safi. Chumvi ya mawe ni rahisi ila ina uchafu usioyeyuka unaobaki chini kama tope, ile ya vidonge iliyokaushwa ni safi zaidi. Zipo pia za kupambana na kutu zilizochanganywa dawa ya kusafisha resini, kwangu ndo zilileta tofauti baada ya wiki chache, ila soma mfuko na usichanganye hizo dawa na klorini kabisa, kuna dawa zikikutana na klorini zinatoa gesi ya sumu.

Alafu mwambie fundi aweke hesabu ya chuma kwenye mipangilio ya mashine, sio ugumu wa maji peke yake, mashine ikidhani maji hayana chuma inaosha mara chache mno na resini inachoka.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni ganda. Chumvi inashikana juu inakua kama paa, chini kuna uwazi, ukifungua unaona imejaa kumbe mashine haipati hata tone la maji ya chumvi. Mi kila mwezi nachukua mpini wa fagio nachomachoma taratibu mpaka ianguke, na sijazi tanki zaidi ya theluthi mbili.

Maji yaliyolainishwa yanaongezeka sodiamu, kwahiyo kama kuna mtu nyumbani ameambiwa apunguze chumvi aulize daktari wake kwanza, na bustani imwagilie kwa bomba ambalo halipiti kwenye mashine. Mimi la jikoni la kunywa nalo nimelitenga.