Mwanangu, umeniuliza kama uzae tena

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ujumbe ulioniandikia juzi usiku, baada ya wageni wa mavyaa wako kuondoka, nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nimeinua simu nikaiweka chini, kwa sababu uliyoniuliza hayajibiki kwa maneno mawili. Umeniambia kuwa mwanao ametimiza miaka minne, kuwa mwaka umepita tangu daktari aseme ni usonji, ile hali ya ubongo inayogusa kusema kwa mtoto na kuchangamana kwake na watu, na kuwa mavyaa wako sasa anasema mbele za watu kwamba mtoto mmoja si mtoto, seuze akiwa huyu. Kisha ukauliza mambo mawili: je, uzae mwingine? Na mimi, niliyekuwa na kakako wa miaka mitano ambaye hajatamka hata neno "mama", niliamuaje kukuzaa wewe, au nilikuzaa ili apatikane wa kumtunza siku nitakayokufa?

Nitaanza na hilo la pili, kwa kuwa naona ndilo lililokukaa rohoni kwa miaka mingi. Jibu ni kwamba ndiyo, nia yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Sikupata kukuambia, na leo nakuandikia kwa mkono wangu ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Kakako alizaliwa mwaka 1994. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Nilikuwa nimefundishwa degedege, surua na kwashakoo, lakini neno usonji sikulisikia darasani hata siku moja. Hapa Kibokoni watu walisema ni jicho, wengine wakasema ni pepo, na mimi na elimu yangu yote nilimnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na kumvisha hirizi, kwa kuwa mzazi aliyechoka hushika lolote analopewa. Daktari wa watoto alipotupa jina la hali yake mwaka 1998, nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu umri: yeye atakapokuwa na miaka arobaini, mimi nitakuwa na mingapi? Hesabu hiyo haikuniacha nilale. Ndipo nikamwambia babako kwamba tupate mtoto wa pili, ili kakako asibaki peke yake.

Babako alikuwa ametoka bandarini Kilindini, hajavua hata viatu. Alikaa kimya kwa muda, akaniambia, "Kama unataka kuzaa mtumishi wa mtoto huyu, mimi simo. Mtoto akija, aje kwa ajili yake mwenyewe." Nililia, nikamwona hana huruma. Tukaliacha neno hilo karibu mwaka mzima. Siku moja nikiwa zamu ya usiku, nilimpokea mtoto wa kike, nikamfuta, nikamfunika kanga, na kabla sijamkabidhi kwa mamake nilijikuta nimemkumbatia zaidi ya ilivyohitajika. Hapo nikajua kwamba ninatamani mtoto, wala si kwa ajili ya mtu mwingine bali kwa ajili yangu mwenyewe. Nilimwambia babako asubuhi ileile. Wewe ulizaliwa mwaka 2000, kutokana na tamaa ile ya usiku ule.

Ningekuwa mkweli nusu kama ningeishia hapo. Nia ilinyooka, lakini mazoea yalinirudisha nyuma. Unaikumbuka safari ya shule ya kwenda Shimba Hills, ulipokuwa darasa la nne. Nilikuwa nimekwisha kukulipia, mkate na mayai vimefungwa kwenye mfuko, lakini kakako aliamka siku hiyo akijiuma mkono, hataki kukaa na mtu yeyote isipokuwa wewe. Nikakuambia, "Baki naye mamangu, wewe ndiye macho yake." Ulivua sare, ukaikunja vizuri, ukaiweka juu ya kasha, hukusema neno. Sare ile iliyokunjwa ninaiona hadi leo. Haukuwa mzigo wako, nami nilikutwika ungali mtoto wa miaka tisa. Niwie radhi, mwanangu.

Kwa hiyo nimefanya ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Chumba cha chini kinachotazama uchochoro nimempa kakako kwa hiba ningali hai, kwa maandishi na mashahidi, na kodi yake ndiyo itakayomlipa mtu wa kukaa naye. Kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iko pamoja na karatasi hizo. Binamu yako wa Mikindani amekubali kuwa msimamizi. Wewe utakuwa dadake, utakuja kumwona kwa kuwa unampenda, na ukikosa kuja hutakuwa umevunja amana ya mtu.

Sasa nije kwako. Utakaposhauriana na mumeo, ni vyema mwe na hesabu zilizo sahihi mbele yenu, maana mimi nilizaa gizani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watoto wachanga 1,605 ambao kila mmoja alikuwa na kaka au dada mwenye usonji, na ukakuta kwamba asilimia 20.2 kati yao nao walikuwa nao. Maana yake ni kwamba kati ya watoto watano wa namna hiyo, mmoja huwa nao na wanne hawana. Kwa wavulana ilikuwa kama mmoja kati ya wanne, kwa wasichana kama mmoja kati ya wanane. Kuna utafiti mwingine, wa watoto waliozaliwa Sweden kati ya mwaka 2003 na 2012, ulioonyesha kwamba mtoto ambaye mjomba wake au mamake mdogo ana usonji huwa na uwezekano wa asilimia 3 hadi 5, ilhali kwa watoto wote kwa jumla ni kama asilimia 1.5. Nakutajia huo wa pili kwa sababu moja tu: najua unajilaumu. Ulipombeba mwanao, kulikuwa na uwezekano mdogo uliopitia damu yetu, nao ukamwangukia. Hukula kitu kibaya, hukutembea wakati wa magharibi mahali pasipofaa, wala hukumwachia simu mno. Mavyaa wako akilisema hilo tena, mumeo ndiye amjibu mamake, si wewe.

Wala si chanjo. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu lilinigusa mimi. Mwaka 1998 jarida moja la Uingereza lilichapisha makala kuhusu watoto 12 tu, yakihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, na uvumi ukatufikia hata sisi wauguzi wa Mombasa. Ulipofika miezi tisa, mimi niliyewachanja watoto wa watu kwa mamia nilisimama na wewe mapajani nikitetemeka, ingawa wakati huo hapa kwetu tulikuwa tukitoa ya surua peke yake. Nilikuchanja, nikamshukuru Mungu. Makala yale yalifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliohusu watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote. Ukizaa, mchanje mtoto kwa wakati wake.

Jambo ambalo hesabu hazikuambii ni huyo mmoja kati ya watano atakuwaje. Anaweza kuwa kama kakako, ambaye ana zaidi ya miaka thelathini na maneno yake hayafiki arobaini. Anaweza kuwa mtu wa kusoma, kuajiriwa na kuoa, ambaye wengine watamwona mkimya tu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya tumbo itakayokuambia kabla hujajifungua. Kwa hiyo swali ninalokuomba wewe na mumeo mjiulize, mkiwa wawili peke yenu na si katika sebule ya mamake, ni hili: akija wa pili naye akawa na usonji, je, tutamtaka? Msijiulize kama mtaweza, kwa maana kuweza hujulikana mbele ya safari, na mimi nisingekubali lolote maishani kama ningeulizwa kwanza kama naliweza. Mjiulize kama mtamtaka. Mkiona nyote wawili kwamba ndiyo, basi mmoja kati ya watano haipaswi kuwazuia. Na mmoja wenu akinyamaza, subirini.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba, ni kwamba usiamue mwaka huu. Nimekusikiliza unavyozungumza juu ya mwanao, na bado unazungumza kama mtu aliye matangani. Mimi pia nilikaa matanga ya mtoto aliye hai, na katika hali ile niliwaza mtoto wa pili kama dawa ya wa kwanza. Mtoto hawi dawa ya mwenzake. Mwanao amekwisha kutimiza miaka minne, kwa hiyo huna haraka ya kupishana. Ile miezi 24 ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike kabla ya kushika mimba nyingine imekwisha kupita. Una miaka ishirini na mitano. Muda unao. Na mkiamua kwamba huyu mmoja anawatosha, mimi nitasimama nanyi mbele ya yeyote, kwani nyumba yenye mtoto mmoja aliyetakwa imekamilika.

Mkiamua kuzaa, anza vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, kama ninavyomwambia kila binti, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto. Akizaliwa, mtazame kwa utulivu. Afikapo mwaka mmoja, angalia kama anageuka ukimwita jina na kama anakuonyesha vitu kwa kidole. Afikapo miezi 16, kama ana neno. Na akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Kati ya miezi 16 na 30 kuna maswali 20 ambayo mzazi huulizwa, na majibu yake humwonyesha mhudumu kama mtoto achunguzwe zaidi. Usikubali kuambiwa "ngoja, wavulana huchelewa". Mimi niliambiwa hivyo na wenzangu wenyewe, nikangoja miaka miwili. Kumfundisha mtoto kuomba kitu, kungoja zamu na kuvumilia kelele hakungoji karatasi ya daktari.

Jambo moja bado, kisha nikuache. Ulipoletwa nyumbani, kilio chako kilikuwa kikimuumiza kakako kiasi kwamba alijificha chini ya kitanda akiziba masikio, nami nilidhani nimewadhulumu nyote wawili. Nikawa nakulaza chumbani kwa bibi yako usiku. Kakako alikuwa na vizibo vya soda mia na kitu, ambavyo alivipanga kwenye baraza kulingana na rangi, na ole wake aliyevigusa. Ulipokuwa na miezi saba, uliketi mkekani, ukachukua kimoja chekundu ukakitia mdomoni. Nilikimbia, nikitarajia ghasia. Yeye alikuja polepole, akakitoa mdomoni mwako kwa vidole viwili, akakifuta kwenye shati lake, akakirudisha mahali pake. Kisha akachukua kingine, kikubwa cha mtungi ambacho hakingeweza kukukaba, akakiweka mkononi mwako bila kukutazama. Sikumfundisha hilo, wala sikukuzalia hilo.

Ijumaa, inshallah, mimi na kakako tutavuka feri asubuhi kabla watu hawajajaa, ili king'ora kisimsumbue, tuje kwako Likoni. Nitapika wali mweupe nyumbani nije nao, maana unajua kakako hali wali wa mahali pengine. Mwambie mumeo awepo nikifika, na mwanao msimkataze akitaka kuvipanga vile vizibo kwa namna yake. Kakako amekwisha kumtengea ishirini, ameviweka kwenye kopo la maziwa karibu na mlango.

Mamako akupendaye