Maharage ya Morogoro

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata Jumapili, nikausoma mara tatu, ya tatu kwa miwani. Unauliza: kwenye insha ya maombi ya chuo cha biashara, utangulize ile miezi minane ya benki, au useme wazi kwamba miaka sita hii umekuwa meneja wa wasanii na mwandaaji wa matamasha? Unaogopa watakuona mtu wa starehe.

Benki uliacha mwenyewe, na shangazi yako hakosi kulitaja hilo kila kwenye harusi. Tuiache hapohapo ilipo.

Mimi nakuuliza langu: unajua kuhesabu mlango? Nimesema tangu hujazaliwa, kila biashara ina mlango, na anayeuhesabu ndiye mwenye biashara. Wengine wote wamealikwa tu.

Habari ya Morogoro unaijua nusunusu, maana baba yako huikatisha kwa utani. Ilikuwa Idi ya mwaka 1994, nina mimba yako ya miezi mitano. Bendi ya baba yako ilikodiwa na promota mmoja, jina lake silitii wino. Mapatano: bendi asilimia 60 ya mlango, yaani ya fedha za tiketi, yeye 40, tiketi shilingi 500. Ndani moshi wa sigara ulinichafua roho, nikakaa kwenye benchi karibu na mkata tiketi. Nilikuwa na maharage kwenye pindo la kanga. Nikafanya ukarani wangu wa bohari: wakipita watu kumi, punje moja inahamia pindo la pili. Hakuna aliyenituma. Mtu akizoea kuhesabu magunia, hata watu atawahesabu.

Saa nane usiku promota akaleta vishina vya tiketi. Tiketi 388, akasema, na hali ni ngumu, ndugu zangu. Maharage yangu yalikuwa 61. Watu 610! Tofauti 222, mara 500, ni shilingi 111,000. Sehemu ya bendi 66,600. Hesabu hii sijawahi kuiandika popote, na sijawahi kuisahau.

Nikasimama nikasema mbele ya wote. Kiongozi wa bendi akacheka: "Shemeji, hayo maharage kapike." Wakacheka wote. Nikamtazama baba yako, naye alikuwa anafuta tarumbeta. Anaifuta tu, kama imeota kutu usiku uleule.

Asubuhi fedha hazikutosha kulipa gesti. Mwenye gesti akazuia vyombo mpaka ipatikane rehani, na rehani ikawa ile tarumbeta. Ndiyo maana kwenye picha zote za ujana wako baba yako ameshika ya kuazima.

Kwa miaka mingi nilisema alikuwa mwoga. Siku hizi sina hakika. Promota yule ndiye aliyekuwa ameshika Dodoma na Singida wiki iliyofuata. Ukigombana naye Morogoro, unakula nini Singida? Nayo ni hesabu. Ila hesabu inayokufanya unyamaze mbele ya mwizi ina kasoro mahali. Au haina. Tuendelee.

Umeniambia chuo cha biashara cha Stern, huko New York, wana somo zima la burudani, habari na teknolojia, na kwamba Harvard yuko profesa, Anita Elberse, anayefundisha biashara ya burudani. Kama wanaifundisha, aibu ya nini? Lakini hapo najibishana mwenyewe: kuifundisha si sawa na kumpokea aliyeifanya. Mwalimu wa upishi anaweza kabisa kumkataa mama ntilie. Msomaji wa fomu yako akiona neno "tamasha" ataona taa na watu wanaruka. Hataliona jenereta la akiba, wala kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wala mdhamini anayelipa baada ya siku 90 wakati mpiga dramu anataka chake usiku uleule. Hayo usipomwonyesha wewe kwa tarakimu, nani atamwonyesha?

Andika Mwanza. Mvua ilipovunja onyesho ukarudisha fedha za tiketi kwanza, msanii ukamlipa kwa mafungu miezi minne, na ukauza pikipiki. Nilikugombeza kwa ile pikipiki. Nilikosea, au nilikosea nusu, maana ungeweza kuniuliza kabla. Lakini mwaka uliofuata watu wa Mwanza walinunua tiketi zako bila kusita, na mtu wa benki wa miezi minane hana kisa cha namna hiyo.

Uandike na mlango wa siku hizi pia. Uliwahi kunieleza msambazaji wa nyimbo mtandaoni anavyokata chake kabla msanii hajaona senti, na taarifa ya mapato inavyokuja kurasa kumi zisizosomeka. Hivyo ni vishina vilevile, mwanangu. Kama umejifunza kuvisoma, sema. Kama hujajifunza, sema hiyo ndiyo sababu unataka shule.

Mtihani wa GMAT, ule wa kuombea vyuo vya biashara, haunitishi. Maswali 21 ya hesabu, dakika 45, bila kikokotoo: wewe ulikuwepo Morogoro, tumboni, maharage yakihama.

Kama uende au usiende, hujaniuliza, nami nimeapa kutosema. Ada tu ya huko New York inapita dola 80,000 kwa mwaka. Chuo cha Strathmore cha Nairobi ni safari ya basi. Nasema tu. Ufadhili ukipatikana ni jambo jingine, na usipopatikana, shamba la Mlandizi haliuzwi, hilo alishasema marehemu babu yako. Basi, nimenyamaza.

Nilikuwa nafunga barua, baba yako akaja kuchungulia. Amesoma mpaka kwenye maharage, akavua miwani, akasema nimezidisha: hawakuwa 610, walikuwa 600, labda na watatu.

Miaka yote hii! Kumbe naye alikuwa anahesabu.

Mama yako