Kabla Hujamchagua Kwotabeki wa Agosti

Agosti ikiingia hapa Columbus, Ohio, hununui hata mkate bila kuulizwa nani ataanza. Anayezungumziwa ni kwotabeki, mchezaji anayeiongoza timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State, na anayekuuliza anaweza kuwa mwenye duka, dereva wa basi au daktari wa meno. Ndugu zetu wengi waliofika karibuni, wa Kongo, wa Tanzania, wa Kenya, na Wasomali wanaosema Kiswahili, huniuliza wafanyeje ili wauelewe ubishani huu na kuingia ndani yake bila kupotea. Nimeishi nao tangu 2014, kwa hiyo naandika ninayoyajua. Mengine niliyajua baada ya kumuumiza mtu.

Mchezo wenyewe kwa ufupi. Wachezaji 11 wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifika wanapewa mengine manne, wasipofika mpira unakwenda kwa wapinzani. Karibu kila jaribio, mpira unapita kwanza mikononi mwa mtu mmoja, naye ndiye kwotabeki. Ana sekunde mbili tatu za kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kuona kocha akibadilisha washambuliaji kila wiki. Huyu mfananishe na kipa: namba moja ni mmoja, wa pili anakaa benchi akisubiri, na walio mbele yake wanahitaji kuizoea sauti moja. Ndiyo maana watu wazima wanafikia kununiana kwa ajili ya kijana wa miaka 20.

Uzito huo niliuona Agosti 2014. Nilikuwa na miezi saba tu Marekani, nikifanya kazi ghalani zamu ya usiku. Usiku mmoja niliingia nikakuta watu wamenyamaza, wengine wameinamisha vichwa. Nikamwuliza mzee niliyekuwa nikipanga naye mizigo, nani amefariki? Akanijibu kwamba ni bega la Braxton Miller. Alikuwa kwotabeki wa Ohio State, ameumia mazoezini zikiwa zimebaki siku chache msimu uanze, na mwaka mzima hatacheza.

Nafasi ikaenda kwa J.T. Barrett, kijana ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya chuo. Mechi ya pili, nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 100,000, Virginia Tech wakawafunga 35-21. Barrett alirusha pasi 29, zikafika 9. Ghalani wakaanza kudai atolewe. Hakutolewa, na timu haikupoteza mechi nyingine msimu ule. Barrett akafikisha tachidauni 45, yaani mara 45 mpira kufika mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, kwa kurusha na kwa kukimbia, hadi alipovunjika kifundo cha mguu kwenye mechi na Michigan mwisho wa Novemba. Hapo ikabidi aingie wa tatu, Cardale Jones. Mara yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya Big Ten, ligi ambayo Ohio State wanacheza, wakaichapa Wisconsin 59-0. Ya pili, Alabama 42-35. Ya tatu, tarehe 12 Januari 2015, Oregon 42-20, na ubingwa wa taifa ukaja Columbus kwa mikono ya kijana ambaye mwezi Agosti watu wengi hawakuwa wakimtaja kabisa.

Nawaombeni muikumbuke habari hiyo kila mtakaposikia mtu anasema mwezi Agosti kwamba fulani ndiye, na fulani hafai.

Basi fikirini Agosti iliyofuata. Miller kapona bega, ila kahamia kwenye kupokea pasi. Wamebaki Jones, aliyeleta kombe, na Barrett, aliyeibeba timu miezi mitatu. Kwenye mechi ya mazoezi ya Aprili, ambayo timu inacheza yenyewe kwa yenyewe, walikuja watu zaidi ya 99,000 kuangalia. Kocha Urban Meyer alikataa katakata kumtaja atakayeanza. Mji ukagawanyika, na ghala letu likagawanyika nao.

Mimi nilikuwa upande wa Jones. Nilikulia kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, ubishani wa timu nimeuanza kabla ya kujua kusoma, na hapa niliuona kama mlango wa kuwa mmoja wao. Nilisema kwa sauti. Siku moja wakati wa mapumziko nikasema Barrett kwisha habari yake, mguu umeshavunjika, aachie wenzake. Mezani alikuwepo mama mmoja wa zamu yetu, Mmarekani, mtu wa maneno machache. Kijana wake alikuwa kwotabeki wa pili katika chuo kidogo. Mimi nilikuwa sijui. Akaniambia taratibu: “Mwanangu anasoma maneno kama hayo kila siku ya kambi. Usiku hapati usingizi.” Kisha akarudi kazini dakika kumi kabla ya kengele.

Nilimfuata kesho yake kumwomba radhi. Alinisamehe, na kwa wiki zilizobaki za Agosti akanieleza kambi, yaani mazoezi ya kabla ya msimu, ilivyo kwa mtu aliye ndani yake. Karibu kila ninachowashauri leo kimetoka kwa mama yule.

Alianza na jezi. Mazoezini kwotabeki huvaa jezi ya rangi tofauti, maana yake asiguswe. Beki akimfikia, filimbi inapigwa na mchezo unasimama. Kwa hiyo ukiona video ya kijana anarusha pasi nzuri kambini, umeona mkono wake tu. Hujaona atakavyofanya mtu wa kilo 130 akimjia usoni huku mpokeaji wake bado hajamponyoka beki. Hilo ndilo linalotenganisha makwotabeki, na kambi haiwezi kukuonyesha.

Halafu kumbuka wanacheza dhidi ya nani. Dhidi ya wenzao. Siku kwotabeki anaponyang'anywa pasi tatu, nusu ya mji inasema hajui kurusha na nusu inasema mabeki wa mwaka huu ni moto. Tukio ni lile lile. Nimeona marafiki wakigombana wiki nzima kwa tukio ambalo hakuna kati yao aliyelishuhudia. Habari njema ya upande mmoja wa kambi ni habari mbaya ya upande wa pili, na kocha mwenyewe, aliyekuwepo, hurudi kuangalia picha usiku kabla ya kusema lolote.

Nafasi za kujipima kweli nazo ni chache kuliko tunavyodhani. Chini ya sheria za sasa za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, timu nyingi zina mazoezi 25 kabla ya msimu. Siku za mwanzo miili inazoeshwa joto, wachezaji wakivaa kofia tu. Tangu 2021 mazoezi ya vifaa kamili hayazidi 9, na kugongana kwa nguvu zote hakuzidi dakika 75 kwa siku. Zamani walikuwa wakifanya mazoezi ya kugongana mara mbili kwa siku. Hilo lilikatazwa 2017, na nafurahi lilikatazwa, kwa maana vichwa vya vijana hawa vina kazi nyingine maishani baada ya mpira. Lakini matokeo yake ni kwamba hata kocha anaamua kwa ushahidi mdogo. Sisi wa nje tuna mdogo zaidi.

Sasa, ukitaka kweli kufuatilia, acha kuhesabu pasi na uulize jambo moja: nani anacheza na kikosi cha kwanza? Mama yule aliniambia kijana wake alikuwa akihesabu kila jioni. Majaribio yakiwa mengi upande wa mwenzako, wewe unakwenda na wapokeaji wa akiba na ukuta wa akiba wa kukulinda, na hata ukirusha vizuri mpira unadondoka. Mwandishi aliyeruhusiwa kuangalia mazoezi dakika 20 akiripoti nani alisimama na kundi la kwanza siku nne mfululizo, hiyo ni habari. Akiripoti kwamba fulani “anaonekana ana kujiamini”, ipite.

Maneno ya kocha yapokee kwa heshima, ila usiyajengee nyumba. Kocha ana sababu za kunyamaza. Mpinzani wa mechi ya kwanza anajiandaa, na akijiandaa kwa watu wawili anagawanya muda wake. Sababu ya pili imekua sana miaka hii: ukimtangaza wa kwanza mapema, wa pili anafungasha. Tangu wachezaji waruhusiwe kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa mwaka nje, kocha anaogopa kubaki na kwotabeki mmoja tu na benchi tupu. Na tumeona 2014 benchi tupu lingewafikisha wapi.

Meyer alinyamaza mpaka tarehe 7 Septemba 2015, mechi ilipoanza kule Virginia, ndipo tukaona ni Jones. Nikaruka. Wakashinda 42-24. Wiki mbili baadaye walishinda kwa shida mechi ambayo hakuna aliyetegemea shida, 20-13 dhidi ya Northern Illinois, Jones akatolewa, Barrett akaingia. Mwezi Oktoba Barrett akawa ndiye anayeanza. Upande wangu ulishinda ubishani wa Agosti, na ushindi wenyewe ulidumu mechi saba. Timu iliyoonekana kama haitafungika ikamaliza na kipigo kimoja, 17-14 kutoka kwa Michigan State, kilichowanyima nafasi ya kutetea kombe.

Wazee wa mchezo huu husema ukiwa na makwotabeki wawili huna hata mmoja. Msimu ule niliusadiki msemo huo, sasa nausadiki nusu. Mwaka 2022 kocha wa Michigan, mahasimu wetu wakubwa, Jim Harbaugh, alimpa Cade McNamara mechi ya kwanza na J.J. McCarthy ya pili, mbele ya macho ya kila mtu, kisha akamchagua McCarthy. Msimu uliofuata McCarthy akaleta ubingwa wa taifa. Kukiri hivyo nikiwa mkazi wa Columbus kunauma, ila jambo la haki lisemwe: walipimwa kwenye mechi, watu wakaona, na ubishani ukaisha kwa uwazi.

Lakini kinachonigusa kuliko yote ni yule anayekosa nafasi. Kwenye benchi la Ohio State mwaka ule wa 2015 alikuwepo kijana mgeni aitwaye Joe Burrow. Agosti 2017 alivunjika mfupa wa mkono mazoezini, nafasi ya pili ikachukuliwa na Dwayne Haskins. Mwaka uliofuata akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Nakumbuka watu hapa wakisema ameenda kujificha. Msimu wa 2019 akarusha tachidauni 60, LSU wakashinda mechi zote 15, naye akapewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Aliyeshika nafasi ya pili katika kura zile ni Jalen Hurts, aliyekuwa amepoteza nafasi yake Alabama kwa Tua Tagovailoa. Wa tatu ni Justin Fields, aliyeshindwa kumng'oa Jake Fromm kule Georgia, akaja kwetu Ohio State. Watatu wa juu Marekani nzima, na kila mmoja wao kuna mji ambako mashabiki walishamhukumu katika kambi fulani kwamba si yeye.

Kwa hiyo bisheni, ndugu zangu. Msikae pembeni, maana hapa ubishani huu ndio salamu. Mimi nilipata marafiki wangu wa kwanza wa Kimarekani kwa njia hiyo. Ila sema “namtaka fulani” na usiseme “fulani hana lolote”. Muulize mwenzako ameona nini, wapi, dhidi ya nani. Na jipe tarehe: mimi husubiri mpaka katikati ya Oktoba kabla ya kusema kocha alikosea. Agosti 2025, Julian Sayin na Lincoln Kienholz walipokuwa wakigombea nafasi, niliulizwa dukani mara nyingi sana. Nilijibu kwamba mechi ya kwanza ni Texas, walioorodheshwa namba moja nchini kabla ya msimu, na yeyote atakayeanza atahitaji mabeki wamsaidie. Sayin akatangazwa tarehe 18, na tarehe 30 wakashinda 14-7. Ilikuwa kazi ya mabeki.

Kuna wengi wenu ambao watoto wenu sasa wanacheza shuleni, na mwaka huu au mwakani jambo hili litaingia nyumbani kwenu. Lilishaingia kwangu. Mwanangu alikwenda kambi ya shule akitaka kuwa kwotabeki, akapewa nafasi ya pili. Nilimpigia simu mama yule, ambaye siku hizi amestaafu, nikamwuliza niseme nini mezani. Akaniambia nisimwambie kocha amekosea, na nisimpe habari za Burrow, kwa sababu mtoto atazisikia kama deni. Nimwulize tu, “Leo umepata majaribio mangapi, na umeona nini?”

Jioni ya kwanza alinijibu manne. Akachukua chumvi, sukari na vikombe vya chai, akapanga mabeki juu ya meza, akanionyesha yupi alichelewa kusogea.