Ukoo ukikulipia nauli ya kwenda kutafuta mwenza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una miaka 32, unafanya kazi hapa Dodoma, na kwamba shangazi na wajomba zako wamechanga fedha ili uende Zanzibar wakati wa Pasaka, kwa kuwa binamu yako alimpata mumewe huko. Unauliza uende au ukatae. Mimi nimesafirishwa na ukoo kwa kusudi hilohilo mara mbili, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 2019, nilipokuwa na miaka 30. Mama yangu mkubwa anayeishi Singida alidai kwamba nimekonda kwa kazi, hivyo niende kwake wiki ya Krismasi nikapumzike. Nilipanda basi alfajiri, nikiwa na doti mbili za khanga za kumpelekea, tukapita Bahi na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na moyoni sikuwa na shaka yoyote. Nilipofika nilikuta sebuleni wanaume watatu nisiowafahamu pamoja na mama mmoja mtu mzima, na kabla sijaketi nikakabidhiwa birika na beseni niwanawishe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa birika saa ya kwanza. Yule mama aliiacha mikono yake chini ya maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, macho yake yakipanda taratibu kutoka miguuni hadi usoni kwangu, kisha akaniuliza kwa upole kama nimemaliza kulipa mkopo wa elimu ya juu. Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa sababu makato ya mkopo huo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na yeye alikwisha kupiga hesabu.

Siku ya tatu niligundua kwamba mshenga alikwisha kuambiwa alete barua ya posa pamoja na kishika uchumba kabla ya mwaka mpya. Aliyeniokoa ni baba, ambaye alipopigiwa simu alijibu tu kwamba barua ya posa hupokelewa nyumbani kwa binti, si ugenini, akakata simu. Kuhusu muoaji mwenyewe sina baya la kusema. Alikuwa mwalimu mpole aliyeitwa kutoka Kahama kwa ahadi ileile ya kupumzika, na tulipobaki wawili barazani tulicheka hadi machozi, kisha kila mmoja akarudi kazini kwake.

Mara ya pili haikuwa na siri, lakini ndiyo iliyoniuma zaidi. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, kaka yangu mkubwa aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba ndani ya mabehewa yale wanapanda watu wenye kazi zao, na kwamba niende Dar es Salaam nikakae siku chache kwa shangazi. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000, fedha ambayo ningeweza kuilipa mwenyewe bila kumsumbua mtu, lakini walichanga. Orodha ilibandikwa kundini ikiwa na majina, viwango, na alama ya tiki mbele ya kila aliyetoa, kama orodha ya mchango wa harusi, isipokuwa bwana harusi hakuwepo. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee aliyelala tangu Gulwe hadi Morogoro. Shangazi alipiga simu kuuliza nimekaa na nani, ikakatika tulipoingia kwenye mahandaki, akapiga tena tulipotoka. Niliporudi Dodoma, mjomba aliyechangia shilingi 5,000 alitaka kupewa taarifa ya safari mbele ya watu wote, na sikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu aliyelipa nauli ana haki ya kudai hesabu.

Siamini kwamba watu hawa wana nia mbaya. Baba yangu alimpata mama Mpwapwa, na kwa kizazi chao hiyo ndiyo habari ya kawaida: mtumishi alihamishiwa mji mwingine, akarudi na mke. Wanachosahau ni kwamba baba hakwenda Mpwapwa kwa siku tatu. Alifundisha huko miaka minne, akaonekana akiugua, akikopa, akizika na kusherehekea pamoja na watu, na babu upande wa mama alimfahamu kabla ya kuombwa chochote. Hebu muulize binamu yako aliishi Zanzibar muda gani kabla ya kumpata huyo mume. (Na mji wetu huu, tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, umepokea watumishi kutoka kila mkoa, nasi tunafukuzwa tukatafute kwingine.)

Kwa hiyo, ukiipenda Zanzibar, nenda, lakini rudisha michango yote kabla hujakata tiketi, na mweleze shangazi yako jambo hilo ana kwa ana, umemwamkia na kuketi, si kundini ambako atalazimika kujitetea mbele ya wadogo zake. Lala mahali unapolipia mwenyewe, hata kama ni chumba cha bei ndogo. Ikitokea wakakuambia kwamba wazee wamekwisha kuafikiana, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari. Mimi sikuwahi kuitamka mbele ya wazee, ila kuifahamu kulinisaidia kusema hapana bila kupandisha sauti.

Mwaka jana nilijilipia safari ya Kondoa pamoja na wenzangu wa ofisini, tukapanda miamba ya Kolo kutazama michoro ya kale, ambayo imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Niliporudi shangazi aliniuliza maswali mengi kuhusu michoro hiyo, imechorwa na nani na kwa rangi gani, nikafurahi kwamba hatimaye tunazungumza mambo mengine. Kisha akashusha sauti, akauliza kama yule dereva aliyetupeleka ameoa.