Ndoo ya maganda inanuka na majirani wamechoka: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpangaji Tandika, Dar es Salaam, nyumba yenye familia sita na ua mmoja. Mwezi uliopita nilianza kuozesha maganda na mabaki ya jikoni kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, nipate mbolea ya matembele yangu ya kwenye viroba na kupunguza taka zinazorundikana tukisubiri gari. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Sasa ndoo inanuka yai viza, chini kuna maji meusi na juu wanatambaa funza. Nikashauriwa nimwage majivu ya mkaa. Nilimwaga kopo zima, harufu ikageuka ikawa ya kuchoma pua. Majirani wananung'unika, na mama mwenye nyumba amesema nikishindwa niitupe. Nakosea wapi? Na nitawashawishije wenzangu tufanye pamoja wakati hata hii moja imenishinda? – Mama wa wawili, Tandika.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiitupe. Ndoo yako inaokoleka ndani ya wiki moja, na kosa ni moja tu: umeilisha vitu vibichi vitupu. Nimefunua ndoo nyingi zilizoharibika katika kazi hii ya afya ya mazingira, na karibu zote zina shida hiyo hiyo. Mwenye ndoo ana bidii, anaweka maganda kila siku, ila pembeni yake hana hata gunia moja la majani makavu.

Maganda ya viazi na ndizi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, ugali uliolala, vyote hivyo vina maji mengi na nitrojeni, kirutubisho kinachoikuza mboga. Wanaovigeuza kuwa mbolea ni bakteria na kuvu, na wale tunaowataka wanahitaji hewa. Vitu vilivyolowa vikikandamizana, nafasi za hewa zinaziba. Wadudu hao wazuri wanakufa, wanaingia wengine wasiohitaji hewa, na hao kazi yao hutoa gesi yenye salfa. Hiyo ndiyo harufu ya yai viza. Mfuniko uliobana umeongeza tatizo, kwa sababu ulizuia hewa ukafungia unyevu.

Harufu ya pili ina chanzo kingine. Majivu yana magadi, na magadi mengi yakikutana na nitrojeni nyingi huigeuza kuwa amonia, gesi inayopaa na kuchoma pua. Kwa hiyo kila unaponusa ukali ule, ni mbolea ya matembele yako inaondoka hewani. Majivu kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa wiki, hayana ubaya. Kopo zima halikuwa dawa, na aliyekushauri naamini alikuwa na nia njema tu.

Sasa tuiokoe. Chagua asubuhi ya siku ya kazi, wengi wakiwa wameondoka, maana kwa muda wa saa moja hivi harufu itakuwa kali. Pasua kiroba, kitandaze kivulini, mwaga kila kitu juu yake. Maji meusi usiyamwagie mboga. Yamejaa vijidudu na ni makali mno kwa mizizi. Chimba kashimo mbali na kisima, uyafukie. Kisha vunja mabonge, na maganda makubwa ya ndizi yakate vipande vya upana wa vidole viwili. Changanya na majani makavu mara mbili ya ujazo wa hicho ulichomwaga. Utaona ni mengi kupita kiasi. Ndiyo kiasi chake.

Ukishachanganya, chukua ngumi moja uikamue kwa nguvu. Mchanganyiko ukishikamana na matone mawili matatu yakajitokeza kati ya vidole, unyevu uko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza makavu. Ukifungua ngumi na ukasambaratika kama vumbi, nyunyiza maji. Kipimo hiki cha ngumi kifanye kila unapogeuza. Kinatosha, huhitaji kununua kifaa chochote. Zile chupa za "dawa ya kuozesha" zinazouzwa mitaani nazo usihangaike nazo. Vijidudu wa kuozesha wamejaa kwenye udongo wa uani kwenu, na ngumi mbili za udongo huo zinatosha kuanzia.

Kabla ya kurudisha, itoboe ndoo. Msumari uliochomwa moto unapita plastiki kwa urahisi. Toboa kitakoni na ubavuni kote, tundu kila baada ya vidole vinne. Iweke juu ya matofali mawili, chini yake kisosi au beseni kuukuu. Tandika makumbi ya nazi kitakoni; yanachelewa sana kuoza lakini nyuzi zake zinaacha njia ya hewa. Mwisho funika kwa tabaka la majani makavu lenye kina cha vidole vinne, kisha kiroba, badala ya ule mfuniko. Harufu ya yai viza itaondoka kwa siku mbili hivi. Ya amonia hukawia kidogo zaidi.

Kuhusu funza, kwanza watazame kwa karibu. Wakiwa weupe, laini, wenye ncha upande mmoja, hao ni watoto wa nzi wa kawaida, yule anayetoka chooni akatua kwenye wali. Kwa joto la Dar, yai lake linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku saba hadi kumi, ndiyo maana ninakutaka ugeuze ndoo kila baada ya siku nne na usiache ganda bichi likikaa juu wazi. Wakiwa bapa, wagumu, rangi ya kijivu au kahawia, wenye pingili zinazoonekana wazi, hao ni funza wa BSF (kwa Kiingereza black soldier fly, yaani nzi askari mweusi), ambao wafugaji wa kuku wanawafuga kwa makusudi. Nzi wao ni mweusi, mwembamba, unaweza kumdhania nyigu, na haji kusumbua chakula chenu. Hao waache wafanye kazi, au mpe jirani mwenye kuku. Inasaidia sana jirani akipata kitu.

Makavu yapatikane wapi mjini? Hapa ndipo panapohitaji utaratibu. Majani ya mwembe na mkungu yanafagiliwa kila asubuhi kwenye nyua zetu kisha yanachomwa, na moshi wake tunauvuta wote. Hayo ndiyo dhahabu yako. Kadibodi za dukani na trei za mayai zinafaa pia, ukizichana na kutoa gundi ya utepe. Vumbi la mbao lipo tele kwa mafundi fenicha wa Keko, ila uliza limetoka kwenye mbao gani. La mbao zilizotiwa dawa, au la zile mbao za kubandikwa kwa gundi, usilichukue kabisa, maana kitakachobaki kitaingia kwenye mboga mnayokula.

Kwa wanaopenda hesabu, mboji huenda vizuri ikiwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Mabaki ya mboga yana 15 hadi 20 hivi, majani makavu 40 hadi 80, vumbi la mbao hupita 200. Kwa hiyo majani utapima mabakuli mawili kwa bakuli moja la maganda, lakini vumbi la mbao bakuli moja kwa bakuli moja la maganda linatosha, likizidi kazi inalala.

Ukiniuliza ni tabia ipi moja uijenge kuliko zote, nitakwambia hii: kiroba cha makavu kikae pembeni ya ndoo, na siku kikiwa kitupu ndoo hailishwi. Maganda ya siku hiyo yaende kwenye gari la taka, hakuna dhambi. Ukilisha mabichi "kwa leo tu", kesho utakuwa umerudi ulipokuwa. Masika ikikaribia jaza viroba viwili au vitatu mapema, uviweke pasipovuja.

Nyama, utumbo wa samaki, mafuta ya kukaangia, pampasi na kinyesi cha mbwa au paka usiweke. Ndoo ya lita 20 ni ndogo, haishiki joto. Rundo la mita moja kila upande linaweza kufika nyuzijoto 55 na kuzidi, na likikaa kwenye joto hilo siku tatu mfululizo vijidudu vingi vya magonjwa hufa. Ndoo yako haitafika huko.

Sasa majirani. Usiitishe kikao. Kwanza ndoo ikae mwezi mzima bila harufu, uani hapo hapo, wanaposhinda. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Watu wanaoishi ukuta kwa ukuta hawawezi kupenda mazingira kwa kunusa yai viza. Baadaye kamuoneshe mama mwenye nyumba mwenyewe, umfunulie, anuse. Ndipo uombe jambo moja dogo: maganda yasichanganywe na plastiki wala pampasi. Bakuli la maganda liwekwe pale pale kibarazani mnapokatia mboga, kisu kikiwa mkononi. Likiwekwa mwisho wa ua, hakuna atakayelifuata. Ongeza familia moja, zikizoeana ongeza nyingine, na muwe na vyombo viwili, kimoja kinalishwa, kingine kimejaa na kinapumzika.

Zamu za kufagia ua bila shaka mnazo. Unganisha mambo hapo. Mwenye zamu ndiye anayeokota majani, basi ayatie kwenye kiroba badala ya kuyachoma, na siku ya nne ndiye ageuze. Hakuna kazi mpya ya kugombania. Na ada ya taka endeleeni kulipa, kwa sababu pampasi, chupa zilizovunjika na mengine yote bado yanahitaji gari.

Mkifika familia sita, ndoo itakuwa ndogo. Tafuteni tenga la nyanya, mlivishe kadibodi kwa ndani. Mji wa Surabaya kule Indonesia ulieneza mboji za majumbani kwa kapu la matundu lililovishwa kadibodi namna hiyo, njia aliyoibuni mtaalamu wa Kijapani Koji Takakura, na walioipeleka nyumba hadi nyumba walikuwa hasa akina mama wa mitaani. Joto lao halitofautiani sana na letu, na nyumba zao nazo zimebanana.

Nalisisitiza hili kwa sababu ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 kuhusu taka za Afrika ilikadiria kwamba asilimia 57 ya taka za miji yetu ni zile zinazooza. Za kwetu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, zinafukiwa chini ya taka nyingine bila hewa, na yale yaliyotokea kwenye ndoo yako yanatokea huko kwa ukubwa wa mlima. Huko hutoka pia methani, gesi isiyo na harufu, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kiasi hicho hicho cha kabonidayoksaidi. Ganda lililobaki uani likapata hewa halifiki huko.

Mboji itaiva kati ya miezi miwili na mitatu tangu uache kuilisha. Itakuwa nyeusi, haina ganda linalotambulika, inanukia udongo uliopata mvua. Usiitumie kwa kuiangalia tu. Jaza kikopo, panda mbegu kadhaa za mchicha. Zikiota vizuri ndani ya siku tano hivi, imeiva. Zikigoma au zikiota zikiwa na rangi ya njano, irudishe ipumzike wiki mbili zaidi. Kwenye viroba vya matembele changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo, mwagia maji, uache usiku mmoja, ndipo uchomeke marando.